Hodi za Kata ya Saba

Aliyewahi kubeba dodoso anajua kwamba ugumu wa kazi ile hauko kwenye maswali. Uko pale katikati ya hodi na karibu. Mama anatoka na unga mikononi, anatazama faili ulilolikumbatia, anakutazama mpaka viatu, kisha anauliza: "Umetumwa na nani?" Nimesimama kwenye milango mingi ya namna hiyo, Temeke na kwingineko, nikilipwa kwa kila fomu iliyojaa. Najua pia kishawishi kinachokuja saa nane mchana, jua kali, miguu imechoka na fomu zimebaki tano. Wenyewe tunaita kupika data. Unajikalia chini ya mwarobaini, unaunda kaya ya baba, mama na watoto wanne, unawapa umri na kipato, na hakuna wa kukuuliza.

Ndiyo maana ninapomsoma W. E. B. Du Bois namsoma kwanza kama fundi. Wengi wanamjua kwa siasa: mpigania haki wa Marekani, mtu wa mikutano ya Umajumui wa Afrika. Mimi namrudia yule kijana wa miaka 28 aliyefika Philadelphia Agosti 1896 na mke aliyemwoa miezi mitatu kabla, wakapanga chumba kimoja juu ya mkahawa, katikati ya mtaa uliosemwa kuwa mbaya kuliko yote. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikuwa kimemwita achunguze hali ya watu weusi wa Kata ya Saba, ukanda mwembamba wa mitaa kutoka Barabara ya Saba hadi kwenye Mto Schuylkill. Wakubwa wa mji walikuwa na jibu lao tayari: mji umeoza kwa sababu ya watu hawa. Walichotaka ni msomi wa kulipigia mhuri.

Cheo walichompa kilikuwa mwalimu msaidizi, kwa dola 900 za mwaka mzima. Hakupewa darasa la kufundisha, na jina lake halikuchapishwa kwenye orodha ya walimu wa chuo. Huyu alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard, mwaka 1895.

Ukitaka kujua kwa nini alikuwa fundi kuliko waliomtuma, tazama alikotoka. Alizaliwa mwaka 1868 Great Barrington, mji mdogo wa Massachusetts wenye familia chache sana za watu weusi, akalelewa na mama. Mama alipofariki, watu wa makanisa wakamchangia nauli na karo aende Chuo cha Fisk, Nashville. Huko Kusini, wakati wa likizo, alifundisha shule za vijijini Tennessee, na kwa mara ya kwanza akaishi na watu waliotoka utumwani juzi tu. Kisha Harvard, kisha Berlin. Mmoja wa walimu wake Berlin, Gustav Schmoller, alishikilia jambo moja: kusanya kwanza, tena kwa wingi, kanuni za jumla zitafuata baadaye. Aliporudi nyumbani akaajiriwa Wilberforce, Ohio, kufundisha Kilatini na Kigiriki. Aliomba afundishe sosholojia, wakamkatalia. Kwa hiyo ile kazi ya Philadelphia, yenye cheo kidogo na mshahara mdogo, kwake ilikuwa mlango aliousubiri muda mrefu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Alitayarisha madodoso sita: la familia, la mtu mmoja mmoja, la nyumba, la mtaa, la taasisi, na la watumishi wanaolala majumbani mwa waajiri. Uchunguzi wa watumishi wa majumbani uliendelezwa na Isabel Eaton, na taarifa yake imefungwa mwishoni mwa kitabu kilichotokana na utafiti huo. Lakini nyumba za kata ile Du Bois alizipita mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kaya zilikuwa zipatazo 2,500, zenye watu 9,675. Anaeleza kwamba alikaa sebuleni au jikoni, popote alipokaribishwa, na kwamba kila nyumba ilimchukua kati ya dakika kumi na saa nzima, kwa kawaida dakika 15 hadi 25. Wewe zidisha. Ni zaidi ya saa 800 za kukaa kwenye viti vya watu na kuwasikiliza.

Hakuwasomea maswali kama karani anayekimbizana na muda. Alianzia alipoona mwenyeji yuko tayari kuanzia, akaruka swali lisilo na maana kwa nyumba ile, akaongeza lililohitajika, akaeleza sababu ya swali pale uso wa mwenzake ulipobadilika. Mara nyingi mazungumzo yaliacha fomu yakaingia kwenye hali ya watu weusi kwa jumla, naye akayaacha yaende, kwa kuwa aliona yanamfundisha. Na mapokezi hayakuwa mepesi. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba watu wa Philadelphia hawakumkumbatia: nani anapenda kuchunguzwa kama mdudu wa ajabu? Mbele yao alisimama mtu wa Harvard, mwenye mazoea ya glavu na fimbo ya kutembelea aliyoyatoa Ujerumani. Rangi yao moja haikutosha kumfungulia mlango. Ilibidi arudi, na nyumba zilizokuwa na kufuli alizirudia mara ya pili na ya tatu.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni namna alivyoyashughulikia majibu mabovu. Kila mtafiti huyapata, na wengi huyafunika. Yeye aliyaandika kitabuni: hapa nilikwepwa, hapa nilidanganywa, na nilipoona hivyo niliacha pengo, au niliandika kile kilichoonekana kukaribia ukweli. Kuhusu wapangaji, ambao walikuwa wengi na mchana hawapatikani, mara nyingi ilimbidi kutegemea kauli za wenye nyumba na majirani, na hilo nalo akalisema. Alipojumlisha hali ya ndoa akakuta wajane wengi mno, akasimama kwenye tarakimu ile. Wengi wao, akaeleza, walikuwa akina mama ambao hawakuwahi kuolewa. Mama asiyewahi kuolewa, akiulizwa na mgeni mwenye kalamu, atasema amefiwa. Jedwali halijui hilo. Analijua yule aliyekaa jikoni na kusikia sauti ilivyoshuka.

Na huyo huyo anayehesabu kwa maelfu alijua lini aache kuhesabu. Kwenye sura ya kazi anasimulia juu ya kijana mhitimu wa uhandisi wa mitambo wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chuo kile kile kilichogharimia utafiti. Sifa zake zilimpatia kazi kupitia tangazo. Alifanya kazi saa chache tu, ikagundulika kwamba ni mweusi, akafukuzwa. Sasa alikuwa mhudumu kwenye klabu ya wahitimu, akiwapelekea sahani wazungu aliosoma nao. Du Bois hakuongeza kilio juu ya habari hiyo. Aliipanga katikati ya nyingine zinazofanana nayo, akasonga mbele.

Kitabu, *The Philadelphia Negro*, kilitoka mwaka 1899. Ndani yake mna ramani ya kata, nyumba kwa nyumba, imepakwa rangi kwa kufuata hali ya wakazi: nyekundu kwa wenye uwezo, kijani kwa wafanyakazi wanaojimudu, buluu kwa maskini, nyeusi kwa waliohesabiwa kuwa wahalifu na waovu. Rangi hiyo ya mwisho inanikwaza. Alimhukumu mtu wa chini kwa ukali wa kijana aliyelelewa vizuri, na kurasa hizo zimezeeka vibaya. Lakini ramani yenyewe iliwavunja waliomtuma, maana palipodaiwa kuwa na umati mmoja uliooza, zilionekana rangi nne zimekaa mtaa mmoja. Nayo majedwali yalionyesha chanzo: kodi kubwa kwa vyumba vibovu, viwanda na vyama vya mafundi vilivyofunga milango.

Hakuishia hapo. Kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wahamiaji kutoka Virginia, kiangazi cha 1897 alikwenda Farmville, mji mdogo wa jimbo hilo, akapita tena nyumba hadi nyumba kuona watu wanaondoka wapi na kwa nini. Kisha akahamia Chuo Kikuu cha Atlanta. Aprili 1899, akiwa njiani kwa miguu kupeleka barua kwenye ofisi ya gazeti, aliambiwa kwamba vifundo vya vidole vya Sam Hose, mtu mweusi aliyeuawa na kundi la watu kwa kuchomwa moto, vimewekwa dukani mbele huko watu waone. Aligeuka akarudi. Baadaye alisema kwamba tangu siku hiyo hakuweza tena kuwa mwanasayansi mtulivu asiyeguswa na kitu.

Hata hivyo kalamu hakuitua. Mwaka uliofuata, yeye na wanafunzi wake walichora kwa mkono chati zipatazo 60 za wino na rangi za maji kwa ajili ya Maonyesho ya Paris. Moja ina mstari mwekundu unaojizungusha kama gamba la konokono, kuonyesha wingi wa watu weusi wa Georgia waishio mashambani. Fedha zilikuwa haba, akavuka bahari kwa daraja la chini kabisa la meli. Alirudi na medali ya dhahabu.

Alifia Accra tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na miaka 95. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimpa uprofesa wa heshima wa sosholojia mwaka 2012.