Swali la Wazee wa Birmingham

Wengi wakisikia jina la Black Sabbath huziba masikio mara moja. Jina ni baya, hatukatai. Lakini hakimu mwema hakati shauri asilolisikia. Tumesikiliza nyimbo nane za sahani yao ya mwisho, iitwayo 13, iliyotoka mwaka 2013.

Watu hawa walikulia Aston, mtaa wa wafanyakazi mjini Birmingham, Uingereza. Tony Iommi, mpiga gitari, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda alipokuwa kijana. Akajitengenezea vifuniko, akaendelea kupiga. Sahani hii aliipiga akitibiwa kansa iliyogunduliwa mwaka 2012. Gitari lake bado lina uzito, latembea polepole kama mtu apandaye mlima na mzigo mgongoni. Hilo twalisifu. Lakini wimbo wa kwanza wafuata mno nyayo za ule wa mwaka 1970, na Brad Wilk, ingawa apiga ngoma sawasawa, hana wepesi wa Bill Ward ambaye hakushiriki. Mzee asimuliaye hadithi ileile huchosha, hata kama ni hadithi nzuri.

Wimbo mmoja waitwa "God Is Dead?", ndiyo kusema, "Je, Mungu amekufa?" Neno hilo Nietzsche wa Ujerumani aliliandika mwaka 1882. Yeye alilitangaza, hawa wameongeza alama ya kuuliza. Tofauti si ndogo. Mwimbaji, Ozzy Osbourne, ahangaika gizani karibu dakika tisa, na mwishoni akiri kwamba hasadiki kuwa Mungu amekufa. Ayubu naye aliuliza, wala Mungu hakumtupa.

Wimbo wa mwisho, "Dear Father", ni mchungu zaidi kwetu. Wasema juu ya mtoto aliyeharibiwa na padri. Wengine watasema: hayo ni matusi ya maadui wa Eklezya. Sisi twajibu: sivyo. Geezer Butler, mwandishi mkuu wa maneno ya nyimbo hizi, alilelewa katika nyumba ya Wakatoliki. Kisasi kilichomo humo hatukikubali, Injili yatukataza. Lakini kidonda ni cha kweli, na Papa Fransisko mwenyewe, mwaka 2019, aliamuru mapadri na watawa wawapashe wakubwa wa Eklezya habari za maovu ya namna hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sahani yaisha kwa mvua, ngurumo na kengele, kama sahani yao ya kwanza ilivyoanza mwaka 1970. Osbourne alifariki mwezi wa saba 2025, tumwombee. Wazazi, msiwape watoto wadogo nyimbo hizi. Lakini kijana mkubwa akiwaletea swali lililomo ndani yake, msimfukuze. Ketini naye, mjibu.