Methadoni na Fatwa ya Ibn Hajar

Imezoeleka katika mimbari zetu kusikia kwamba methadoni wanayopewa vijana wa unga ni kubadilisha kilevi kwa kilevi, na anayeikubali amehalalisha haramu. Hoja hii ina sura ya uchamungu, lakini ikipelekwa kwenye vitabu vya madhehebu yetu haisimami.

Uharamu wa unga na bangi hatuujadili. Hukumu ya khamr katika Suratul Maida imevifikia kwa illa ya kulevya. Suala ni huyu aliyekwisha zama: afanyweje? Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, na ambaye Tuhfa yake ni marejeo ya Mashafi, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni hadi akiiacha ataangamia. Alijibu kwamba hilo likijulikana kwa yakini, kutumia kiasi cha kumbakisha hai si jaizi tu bali ni wajibu, kama mzoga kwa mwenye dharura. Kisha akamlazimisha kupunguza kidogo kidogo mpaka mwili uache kudai. Akipuuza, ni fasiki. Ibn Abidin, naye ni Hanafi, aliipokea fatwa hiyo. Na unga hutokana na afyuni hiyo hiyo.

Atasema msemaji: arosto ya unga ni nadra kuua. Ni kweli. Kinachoua ni kurejea: sindano ya kushirikiana, na kipimo cha zamani katika mwili uliokwisha kukisahau. Ndiyo sababu Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na Malaysia, nchi ya Mashafi wenzetu, ilitangulia mwaka 2005.

Hata hivyo, tunawakosoa pia wanaolitandaza neno "kupunguza madhara" mpaka limfikie mtoto wa miaka 15 aliyeonja bangi juzi. Huyu hana dharura yoyote. Haki yake ni kuzuiwa, na mzazi wake ajue anakaa na nani baada ya Isha. Fatwa ina sharti la yakini na sharti la kupunguza. Mpango usiokusudia kupunguza usijifunike kwa jina la Ibn Hajar. Ama mwendo wa kupunguza, huo ni wa tabibu mwaminifu, si wa khatibu.

Tumeulizwa iwapo kijana anayekunywa methadoni asimame safu ya mbele. Maadamu akili yake anayo, swala yake ni sahihi; wanaomrudisha nyuma ndio wanaodaiwa dalili.