Kumsamehe Asiyetubu: Festo Kivengere na Kitabu Chake Kuhusu Amin

Kuna vitabu ambavyo sisi wanafunzi wa fasihi tunavihukumu kwa jalada tu. Kimojawapo ni I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin, kitabu chembamba cha Askofu Festo Kivengere wa Uganda kilichotoka mwaka 1977. Kitaje kwenye semina uone. Mmoja atacheka, mwingine atasema yale yale ya siku zote, kwamba dini ni kasumba na huyu askofu anawafundisha wanyonge kuubusu mkono unaowachapa. Wenzetu wa vikundi vya sala nao wanakisifu kwa sababu ya jina hilo hilo. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimesoma jina, hazijasoma mpangilio wa matukio.

Tuanze na fani. Hii si riwaya, wala si tawasifu kamili. Ni ushuhuda. Kwetu Maisaka, pale Babati mjini, ushuhuda ni utanzu wenye kanuni zake hata kama haumo katika mihadhara yetu. Msimulizi husimama, husema "Bwana asifiwe", hueleza alivyokuwa, pigo lililompata na jinsi alivyolishinda. Hadhira inajua tangu mwanzo kwamba mwisho utakuwa mzuri. Kivengere, aliyechunga ng'ombe utotoni huko Kigezi, akaokoka wakati wa uamsho wa Afrika Mashariki na baadaye akafundisha shule Dodoma, anaijua kanuni hii barabara. Nguvu ya kitabu inatoka hapo, na udhaifu wake pia.

Matukio yenyewe yanajulikana. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum mjini Kampala, eti wanatafuta silaha. Hawakuzipata. Siku chache baadaye maaskofu wa Anglikana wakamwandikia Amin barua, wakatia saini majina yao, wakalalamika waziwazi kwamba bunduki iliyopaswa kumlinda raia sasa inamwelekea yeye. Tarehe 16 wakaitwa mbele ya mkusanyiko wa wanajeshi na viongozi wa serikali. Zikaonyeshwa silaha, ukasomwa waraka wa kubuni uliomhusisha Luwum na Obote. Luwum akachukuliwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi. Kaburi lililochimbwa Namirembe likabaki wazi, maana mwili haukutolewa. Kivengere, aliyekuwepo siku ile ya mashtaka, alivuka mpaka kwa miguu na mkewe Mera hadi Rwanda.

Sasa tazama mpangilio. Barua imetangulia, upendo umefuata. Kabla ya mtu yeyote kusema "nampenda Amin", maaskofu walikuwa wameshamwambia Amin, kwa maandishi, kwamba anaua watu. Huyo ndiye mnyonge wa kasumba? Mwenye kasumba haandiki barua ya namna ile. Ukiitoa barua, kitabu kinakuwa mahubiri ya unyenyekevu ambayo dikteta yeyote angeyachapa kwa fedha za serikali. Ukiiacha, jina la kitabu linageuka kuwa neno gumu la mtu aliyekwisha kusema kweli na kuilipia.

Upendo wenyewe haukuja kirahisi. Akiwa uhamishoni Kivengere aligundua kwamba chuki dhidi ya Amin inamkausha. Ilikuwa Ijumaa Kuu, katika ibada London, neno la Yesu kuwaombea msamaha waliomsulubisha lilipomchoma. Hapa ndipo ninapomlaumu mwandishi. Kanuni ya ushuhuda inamkimbiza. Chuki, ambayo ndiyo kiini cha mgogoro wa nafsi, inapewa nafasi finyu mno, na ushindi unaingia mapema kama kibwagizo. Msomaji angependa kukaa naye kwenye zile wiki za uchungu. Mtu hafiwi na rafiki kwa namna ile akapona kwa aya mbili tatu jamani!

Linganisha na A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1967). Kihika, mpiganaji mwenye Biblia iliyopigiwa mistari, anasalitiwa na Mugo. Lakini Mugo mwenyewe anasimama mbele ya umati siku ya sherehe za Uhuru na kukiri. Usaliti unapata sauti, jamii inapata pa kuanzia. Kwa Kivengere hakuna Mugo. Aliyeua hakiri, hatubu, anadai ilikuwa ajali. Kwa hiyo msamaha wa kitabu hiki hauna mwenzake wa kuupokea, na ndiyo maana naona ni mgumu kuliko ule wa riwaya nyingi tunazosifia. Ila una mpaka. Kivengere anaweza kusamehe kilichofanywa kwake. Hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya wajane na yatima wa wengine, na kitabu hakiutenganishi mpaka huo vya kutosha.

Sisi Watanzania tuna swali letu la ziada. Husimuliwa sana kwamba Kivengere aliulizwa angefanya nini kama angepewa bunduki akiwa mbele ya Amin, akajibu kwamba angemkabidhi Amin hiyo bunduki, kwa kuwa silaha yake yeye ni upendo. Jibu zuri masikioni. Lakini Kampala ilikombolewa Aprili 1979 na JWTZ pamoja na wapiganaji wa Uganda, na askofu akarudi nyumbani mwaka huo huo kupitia njia iliyofunguliwa na bunduki. Kitabu kilikwisha kuchapwa, hakingeweza kulijibu hilo. Wanaokisoma leo kama mwongozo wa kila dhuluma ndio wanaopaswa kulijibu, na katika semina zetu sijamsikia hata mmoja aliyejaribu. Amin alifia Jeddah mwaka 2003, bila kusimama mbele ya mahakama yoyote.