Amana ya Mfasiri

Ramadhani ikiingia, baada ya sala ya Alasiri misikiti mingi ya pwani yetu huwa na darsa. Sheikh husoma aya, kisha huifasiri kwa Kiswahili, neno kwa neno. Ninachokipenda zaidi katika darsa hizo ni pale sheikh anaposita juu ya neno moja.

Neno lenyewe ni kama quruu, katika aya ya 228 ya Sura ya Al-Baqara. Aya hiyo inataja eda ya mwanamke aliyeachwa, kwamba ni quruu tatu. Kwa Waarabu neno hilo hubeba maana mbili zinazopingana: hedhi, na tohara iliyo baina ya hedhi mbili. Kiarabu huzibeba zote kwa pamoja. Kiswahili hakiwezi. Anayetarjumu ataandika hedhi au tohara, na akiandika moja, nyingine imebaki nje ya mlango.

Sheikh mahiri huufungua mlango huo. Imamu Shafii, atasema, ameshika tohara, kwa kuwa talaka ya Sunna hutolewa mke akiwa katika tohara, basi hesabu ianzie hapo. Imamu Abu Hanifa ameshika hedhi, kwa kuwa eda inatafuta kujua kama tumbo halina mimba, na kinachoonyesha hilo ni hedhi. Wengi wa wanaomsikiliza ni Mashafii, naye ni mmoja wao. Hata hivyo hoja ya Mhanafi ameipa uzito wake wote. Ndipo anachagua, na kumalizia: Wallahu aalam.

Ufundi huu ni wa kale. Mfasiri wa Qurani At-Tabari, aliyefariki Baghdad mwaka 923, alikusanya kauli za waliomtangulia, kila moja na wapokezi wake, kisha akaeleza ipi aliiona ina nguvu zaidi. Alizozikataa hakuzifuta. Zimo kitabuni mwake hadi leo, na asiyekubaliana naye anazikuta humo humo.

Wapo wanaohofia kwamba kauli nyingi hulegeza imani. Mimi naona huifunza adabu: aliyekwisha kuisikia hoja ya mwenzake hathubutu kumwita mpotevu.

Tena nyuma ya pazia, upande wa wanawake, huenda yupo anayehesabu siku zake. Kati ya kauli hizo mbili kuna siku kadhaa za maisha yake: siku za kurejewa, au za kuwa huru kuolewa. Kwake yeye, sheikh asiyeficha kauli yoyote ametimiza amana.