Matoleo Yasiyo na Tarehe: Uhakiki wa Kuandikwa kwa Kanuni za Bao na Kisolo

1. Utangulizi

Maandishi mengi yahusuyo bao huanza kwa sentensi za mazoea: ubao una mashimo 32, kete ni 64, mchezaji hutia kete, hula, hutakata. Sentensi za namna hii hazina mtu, hazina mahali wala mwaka. Msomaji huondoka na picha ya mchezo mmoja wenye kanuni moja tangu enzi na enzi. Ilhali mtu aliyecheza kwa miaka 40 haujui mchezo wa aina hiyo. Yeye anajua kanuni aliyofundishwa utotoni, kanuni aliyoikuta barazani kwa watu wazima, kanuni aliyoikuta ugenini, na pengine kanuni iliyosomwa kutoka katika karatasi siku ya mashindano.

Makala haya yanauhakiki uandishi huo. Hoja yake ni kwamba michezo ya mashimo ya Afrika ya Mashariki na ya Kongo ina matoleo, kama vitabu vinavyokuwa na matoleo, ila matoleo hayo hayakuandikiwa tarehe. Aidha, makala yanadai kwamba historia ya mchezaji mmoja mmoja ndiyo njia ya karibu zaidi ya kuyarudishia matoleo hayo tarehe zake. Mahali panapoangaliwa zaidi ni Kongolo na sehemu zinazoizunguka, mahali ambapo mapokeo mbalimbali ya mchezo huu yamekuwa jirani kwa muda mrefu.

2. Mchezo ambao matoleo yake yana miaka

Ili hoja ieleweke, inafaa kwanza kuutazama mchezo wa mbali ambao mabadiliko ya kanuni zake yanajulikana mwaka kwa mwaka. Mchezo huo ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974 katika vijitabu 3. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni msimamizi, naye husimulia ulimwengu na matukio yake. Kila mmoja wa wengine huigiza mhusika wake. Jambo linapokuwa na shaka, kwa mfano iwapo pigo limempata adui, dadu hutupwa na kanuni huamua.

Toleo lililopanuliwa la mchezo huo lilianza kutoka mwaka 1977. Toleo la pili lilitoka mwaka 1989. Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua kampuni ya TSR mwaka 1997, na toleo la tatu likafuata mwaka 2000, likarekebishwa mwaka 2003. Toleo la nne ni la mwaka 2008, la tano ni la mwaka 2014, na vitabu vilivyorekebishwa vilianza kutolewa mwaka 2024. Mtu aliyeanza kucheza akiwa mwanafunzi mwaka 1979, na ambaye hakuacha, amezipitia kanuni hizo zote kabla ya kustaafu.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya juujuu. Katika matoleo ya kwanza, kadiri namba ya kinga ya mhusika ilivyokuwa ndogo, ndivyo kinga yake ilivyokuwa bora. Toleo la mwaka 2000 liligeuza hesabu hiyo, namba kubwa ikawa ndiyo kinga bora. Mchezaji mkongwe alilazimika kupindua hesabu aliyokwisha kuizoea kama mtu anavyozoea ngeli za lugha yake. Kadhalika, toleo la mwaka 2008 lilipokataliwa na wachezaji wengi, kampuni ya Paizo ilitoa mwaka 2009 mchezo uitwao Pathfinder, ambao uliendeleza kanuni za mwaka 2003. Hivyo wachezaji wa mchezo huo hutambulishana kwa toleo: huyu ni wa toleo la pili, yule ni wa la tano. Wakibishana, kila mmoja huweza kuwa sahihi, maana kila mmoja anaweza kuonyesha ni kanuni ya mwaka gani anayoitetea.

Hata hivyo, tarehe hizo hazikuletwa na upendo wa elimu. Zililetwa na biashara, kwa sababu kila toleo ni bidhaa na kila bidhaa hupigwa chapa ya mwaka. Bao halina kampuni inayoliuza. Kazi ambayo huko ilifanywa na mfanyabiashara, huku haina budi kufanywa na mtafiti.

3. Bao na umri wa mchezaji

Bao lenyewe linakiri kwamba lina matoleo. Kuna bao la kujifunza na kuna bao la Kiswahili. Katika bao la kujifunza, kila shimo huwekwa kete 2, na mchezo huanza mara moja katika hatua ya mtaji. Katika bao la Kiswahili, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika nyumba, na 2 katika kila moja la mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zilizobaki huwa mkononi, naye huzitia moja moja katika hatua ya kunamua kabla ya kuingia katika mtaji. Tofauti hiyo si ya wingi wa kete pekee. Yule wa bao la kujifunza huona mali yake yote mbele yake tangu mwanzo. Yule wa bao la Kiswahili hana budi kuyapima yaliyoko ubaoni pamoja na yaliyomo mkononi mwake na mkononi mwa mwenziwe.

Kwa hiyo kijana anayehama kutoka bao la kwanza kwenda la pili haongezi ujuzi tu, bali anabadilisha toleo. Lililokuwa sahihi jana huwa kosa leo. Katika bao la kujifunza hakuwahi kuamua kama ailaze nyumba au asafiri nayo. Katika bao la watu wazima, uamuzi huo ndio unaoweza kumpa ushindi au kumvunja. Vilevile kuna kanuni ya kutakasia, inayomzuia mchezaji kulicheza shimo lake lililotishwa peke yake, isipokuwa katika hali kadhaa maalumu. Ni miongoni mwa kanuni ngumu kuandikwa, na mara nyingi hujifunzwa kwa kubishana kuliko kwa kusoma.

Ukongwe wa mchezo haukatai hoja hii. Shairi la Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) liitwalo "Bao Naligwa" ni ushahidi kwamba mchezo ulikuwa umekita mizizi pwani kabla ya kuja kwa serikali za kikoloni. Lakini ushahidi wa kuwapo kwa mchezo si ushahidi wa kanuni zake. Hata sanaa ya mikono inafundisha hivyo. Sanamu ya mfalme wa Wakuba, Shyaam, iliyoingia katika jumba la makumbusho la British Museum mwaka 1909, inaonyesha ubao wa mchezo wa mashimo mbele ya miguu yake. Ubao umehifadhiwa katika mti. Namna kete zilivyotembea humo haikuchongwa.

4. Kisolo, reli na ramani

Kongolo uko kando ya mto Lualaba, katika mkoa wa Tanganyika ambao makao yake makuu ni Kalemie. Wahemba, Waluba na Wasongye wanaishi pande hizo. Kiswahili kilifika pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Baadaye ikaja reli: njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyojengwa ili kuyakwepa maporomoko ya Milango ya Jehanamu, ilikamilika mwaka 1911, na ile ya kutoka Kabalo hadi Kalemie, mji ulioitwa wakati huo Albertville, ilikamilika mwaka 1915. Mahali kama hapo watu hukutana wakiwa na lugha zao, na pia na kanuni zao za mchezo.

Waluba huuita mchezo huu kisolo, na Wanyarwanda huuita igisoro. Mwanaisimu hutambua mara moja kwamba mashina hayo mawili ni ndugu, kwa kuwa /l/ ya Kiluba hulingana na /r/ ya Kinyarwanda katika maneno mengine pia: anayelala kwa Kiluba "hulala", na kwa Kinyarwanda "hurara". Lakini udugu wa majina hauleti umoja wa kanuni. Katika bao la Kiswahili, mchezaji hula kete za safu ya mbele ya mwenziwe tu, na kete alizokula huzipanda kuanzia kichwani. Katika omweso wa Uganda, mchezaji huchukua kete za mashimo mawili kwa pamoja, la mbele na la nyuma, na kuzipanda kuanzia pale mzunguko wake ulipoanzia. Mtu aliyelelewa katika kanuni moja akiketi kwenye ubao wa pili, mikono yake hukosea kabla ya akili yake, ingawa ubao ni wa safu 4 kwa mashimo 8 na kete ni 64 katika michezo yote miwili.

Kazi muhimu zaidi kuhusu michezo ya Kongo ni ile ya Philip Townshend, "Les jeux de mankala au Zaïre, au Rwanda et au Burundi", iliyochapishwa na CEDAF mwaka 1977. Makala yake katika jarida la Azania mwaka 1979 yalichunguza jinsi michezo hiyo inavyosambaa katika Afrika ya mashariki na kusini. Mchango huo ni mkubwa, na bila huo mjadala huu usingekuwa na pa kuanzia. Lakini ramani ya msambao inajibu swali moja tu, nalo ni wapi. Haijibu ni lini, wala kanuni ilikuwaje kabla. Kwa bahati, anwani ya kazi ya mwaka 1977 inabeba tarehe ambayo mwandishi hakuikusudia: jina Zaire lilianza mwaka 1971 na likakoma mwaka 1997. Nchi yenyewe imebadilisha toleo, huku kanuni za michezo yake zikiendelea kunukuliwa kana kwamba ni za leo.

Alexander de Voogt, katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, alikwenda hatua nyingine. Aliwachunguza mabingwa wa bao, akaonyesha uwezo wao wa kukumbuka na kuhesabu. Hapo mchezaji anaonekana, na hiyo ndiyo nguvu ya kazi hiyo. Tatizo limo zaidi kwa wasomaji waliofuata, ambao wamezichukua kanuni za mabingwa kuwa ndizo kanuni za bao lote. Uandishi wa programu za kompyuta za kucheza bao umeongeza mwelekeo huo, kwa sababu kompyuta haiwezi kuachiwa jambo lenye shaka. Kwa mfano, kupanda kete kunaweza kuzunguka bila kikomo, na programu lazima ielezwe la kufanya. Barazani wenye mchezo huafikiana. Katika programu uamuzi wa mtu mmoja hugeuka kanuni.

5. Kanuni na lugha

Jambo hili linaigusa taaluma ya Kiswahili moja kwa moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia kazi ya usanifishaji. Hilo nalo lilikuwa toleo, tena lenye tarehe. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili cha Kongolo akiingia darasani huambiwa kwamba anakosea, si kwamba anasema toleo jingine lenye historia yake. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyofinyangwa na utawala, misheni na migodi. Anayekiita Kiswahili hicho makosa matupu anafanya jambo lile lile linalofanywa na anayemwambia mzee wa kisolo kwamba hajui bao.

Huenda pingamizi likatolewa hapa: mashindano hayawezi kuendeshwa bila kanuni moja, wala mtihani bila lugha sanifu. Pingamizi hilo ni la haki. Kanuni ya pamoja inahitajika pale watu wasiojuana wanapokutana kushindana. Lakini haja ya kuwa na kanuni moja mezani leo si ruhusa ya kuzifuta nyingine katika kumbukumbu. Wachezaji wa Dungeons & Dragons hukubaliana toleo moja kabla ya kuketi, na bado vitabu vya matoleo ya zamani vinabaki rafuni. Mzee wa Kongolo hana rafu. Toleo lake limo kichwani mwake na mikononi mwake.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo, anayeandika kanuni za bao au kisolo anapaswa kuandika mambo manne pamoja nazo: nani alizieleza, alizaliwa wapi na lini, alijifunza kwa nani, na ni kanuni gani aliyoiona ikibadilika katika maisha yake. Ugomvi wa wachezaji usiachwe nje ya daftari kana kwamba ni kelele, kwa kuwa mahali watu wanapobishana ndipo matoleo mawili yanapokutana. Istilahi nazo ziandikwe kama zilivyosemwa, ziwe za Kihemba, za Kiluba au za Kiswahili cha Kongo, bila kubadilishwa kuwa nyumba, kichwa na kimbi kwa sababu tu vitabu vya pwani vinasema hivyo.

Kazi hii haiwezi kungoja. Vita vya 1996–1997 na vya 1998–2003 viliwahamisha watu wengi wa sehemu hizo, na waliojifunza mchezo kabla ya hapo ni wazee au wanaukaribia uzee. Mwanafunzi anayetoka Kongolo, Kabalo au Kalemie anaweza kuianza likizoni akiwa na daftari na ubao tu. Akirudi na kanuni za wachezaji watatu zisizopatana, asizisawazishe. Aziandike zote tatu, kila moja na mwenyewe na miaka yake.