Kuhakiki Nembo za Vita: Kitambaa na Silsila Yake

Neno "uhakiki" lina kazi mbili katika lugha yetu. Mwalimu wa fasihi anapohakiki shairi hupima maana na uzuri wake. Karani anapohakiki hati huthibitisha kama ni ya kweli au ya kughushi. Mara nyingi sisi walimu huzitenganisha kazi hizi, tukaiona ya kwanza kuwa ya wasomi na ya pili kuwa ya makarani. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba uhakiki mmoja hausimami bila ya mwenzake. Mfano wangu ni wa mbali kidogo na darasa: nembo za kitambaa zilizoshonwa kwenye mikono ya sare za askari katika Vita vya Pili vya Dunia, ambazo leo hukusanywa, huuzwa na kugombewa katika nchi nyingi.

Nembo hizo hazikuwa pambo tupu. Zilimwambia mtazamaji askari huyu ni wa kikosi gani, bila ya kumwambia adui ambaye hajui kuzisoma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilivaa kichwa cha kifaru. Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi ilivaa buibui mweusi juu ya rangi ya manjano. Naye ni Ananse, yule mjanja wa ngano za Waakan, ambaye nafasi yake katika hadithi za kwao yafanana na ya Sungura katika hadithi zetu. Divisheni ya 45 ya Marekani ilivaa swastika ya manjano juu ya mraba mwekundu, ishara ya kale ya wenyeji wa kusini-magharibi ya nchi ile, hata Hitler alipoifanya kuwa chukizo; mwaka 1939 ikabadilishwa rasmi na kuwa ndege wa radi. Basi nembo ni matini fupi, na kama matini yoyote, maana yake yaweza kugeuka ilhali umbo halikugeuka.

Penye thamani hapakosi walaghai. Nembo za bandia ni nyingi, na si zote zilizotengenezwa kwa nia ya kudanganya: nyingine zilishonwa baada ya vita kwa ajili ya mikutano ya askari wa zamani, nyingine kwa waigizaji wa filamu. Udanganyifu huanza pale mwuzaji anapoibandika nembo umri usio wake. Kwa hiyo wakusanyaji wamejifunza kukisoma kitambaa kwa makini ambayo wahakiki wengi wa vitabu wangeyaonea wivu.

Kwanza hutazama uzi. Nguo za vita vile zilikuwa za pamba, sufu, hariri au rayoni. Polista haikuenea sokoni mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo uzi wa polista katika nembo inayodaiwa kuwa ya 1944 ni shahidi mbaya kwa mwenye kuiuza. Pili hutazama ukingo. Nembo za Marekani za wakati ule zilikatwa ukingoni, na nyuzi zikiachwa nyuma. Ule ukingo mnene uliozungushiwa uzi kwa mashine ulienea miaka mingi baada ya vita. Tatu hutazama namna ya kutengenezwa. Waingereza, kwa kubana matumizi, walipiga chapa nembo nyingi juu ya kitambaa cha pamba badala ya kuzitarizi. Nne hutazama uchakavu. Jua hufifisha uso, lakini sehemu iliyokunjwa ndani ya mshono hubaki na rangi yake. Nembo iliyochovywa katika maji ya chai ili ionekane ya kale huwa na wekundu ule ule mbele, nyuma na katika mikunjo. Tena nembo iliyovaliwa kisha ikabanduliwa huelekea kubaki na vitundu vya sindano.

Iko pia taa ya mionzi ya urujuanimno, ambayo wanaoanza kukusanya huiamini kama hirizi. Nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini ya taa hiyo, kwa kuwa zimetiwa dawa ya kung'arisha ambayo haikuwa ya kawaida katika nyuzi za wakati wa vita. Lakini sabuni za kufulia za baada ya vita nazo zina dawa hiyo hiyo. Mjane akiifua sare ya marehemu mumewe kwa sabuni mpya, nembo ya kweli itang'aa. Na mlaghai akipata uzi wa zamani, nembo ya uongo haitang'aa kamwe. Taa hutoa ushahidi tu. Hukumu ni ya mwanadamu.

Kosa jingine la wanagenzi ni kudhani kwamba nembo halisi lazima zilingane. Kule India na Burma nembo nyingi zilishonwa na mafundi wa sokoni, kila mmoja kwa mkono wake na kwa nyuzi alizokuwa nazo. Tofauti kati yao ni jambo la kawaida, na kufanana mno ndiko kunakopasa kututia shaka. Mwalimu hahitaji kuelezwa sana hapa: watoto wawili wakileta insha zenye makosa yale yale mahali pale pale, hatuwapongezi kwa umoja wao.

Mpaka hapa nawasifu wakusanyaji. Lakini wana methali yao, na juu ya methali hiyo natofautiana nao. Wao husema: nunua kitu, usinunue hadithi. Wana sababu ya kusema hivyo, maana mwuzaji mwenye kitambaa duni huwa na hadithi nzuri. Hata hivyo, methali hii inatosha sokoni tu. Ikifanywa kanuni ya elimu, inatuharibia.

Tuchukue ushahidi wa mwaka 1944. Kabla ya kutua Normandy, Marekani na Uingereza zilibuni jeshi zima la uongo huko Uingereza, likihesabiwa kuwa chini ya Jenerali Patton, ili Wajerumani waamini kwamba shambulio lingekuja upande wa Calais. Baadhi ya divisheni zilizotajwa hazikuwahi kuwako, lakini nembo zao zilibuniwa na kushonwa. Nembo ya namna hiyo itapita kila mtihani wa uzi, ukingo na taa. Kitambaa ni cha kweli na jeshi ni la uongo! Ni nini kitakachotufumbulia jambo hilo isipokuwa hadithi iliyothibitishwa?

Au tumrudie buibui wa Divisheni ya 81. Alishonwa kichwa kikielekea chini, na asiyejua atadhani fundi alikosea. Maelezo ni kwamba askari akinyosha mkono kulenga bunduki, Ananse huonekana akitambaa mbele kumwendea adui. Kitambaa peke yake hakisemi neno hilo. Lazima awepo wa kulisimulia, na aliyelipokea kutoka kwake.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi. Kifaru wa Divisheni ya 11 alivaliwa na Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rodeshia ya Kaskazini, ambao katika mvua za 1944 walishuka bonde la Kabaw, na mwezi wa Desemba wakafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin. Kikosi cha tiba kutoka Kongo kilikuwa pamoja nao. Maofisa waliowaongoza waliandika kumbukumbu zao, na nyingine zikapigwa chapa. Askari wa kawaida mara nyingi alibaki na nembo, medali na maneno ya kinywa chake. Kifaru akiuzwa bila ya maneno hayo, mnunuzi wa mbali atahakiki uzi wake kwa ustadi mkubwa, ataandika kwamba ni halisi, na hatajua ni mkono wa nani uliomvaa. Huo ni uhakiki uliothibitisha kitambaa ukampoteza mtu.

Dawa yake si kuiamini kila hadithi ya babu. Dawa ni kuihakiki hadithi kwa ukali ule ule unaotumika kwa uzi. Wazee wetu walijua silsila: elimu ilitajwa pamoja na aliyeipokea, na aliyempa, na aliyempa huyo. Nembo nayo iwe na silsila. Nani aliivaa? Batalioni gani? Ilibanduliwa lini, na nani ameitunza tangu hapo? Je, batalioni hiyo ilikuwa mahali hapo mwaka huo? Hadithi isiyojibu maswali haya iandikwe kuwa haijathibitishwa, wala isitupwe.

Kijana wa miaka ishirini mwaka 1944 angekuwa amepita miaka mia leo. Waliobaki na nembo sasa ni watoto na wajukuu, na baadhi yao wamo madarasani mwetu. Mwanafunzi akileta kipande cha kitambaa kilichochakaa, tusikimbilie kumwuliza kina bei gani. Tumpe daftari, arudi nyumbani akaulize, aandike kwa Kiswahili safi jina la msemaji, siku na maneno yake. Insha hiyo itakuwa imefanya kazi zote mbili za uhakiki, na yule kifaru hatakuwa bubu tena.