Macho Hayana Pazia

Barakoa ya chuma ina miiba kwa ndani. Mnyongaji anaipachika usoni mwa mwanamke aliyefungwa, kisha nyundo inashuka. Ndivyo inavyoanza La maschera del demonio, filamu aliyoiongoza Mario Bava nchini Italia mwaka 1960, ambayo Uingereza iliipiga marufuku hadi 1968. Mwanamke yule ni Barbara Steele, mzaliwa wa Birkenhead, Uingereza, aliyekuwa na miaka 22 tu.

Humo anaigiza watu wawili: Asa, mchawi aliyeuawa karne ya 17, na Katia, binti wa ukoo huohuo aliyeishi miaka 200 baadaye. Uso ni mmoja na nywele ni zilezile. Basi mtazamaji atawatofautishaje? Kwa macho. Katia hutazama kama mtu aliyefiwa; Asa hutazama kama mtu mwenye njaa. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi hii ya kutisha, ambayo wengi huidhani ni damu ya rangi na mayowe tu.

Kuna jambo linalonifanya nimstahi zaidi. Siku zile Waitalia walizoea kupiga picha kwanza na kutia sauti baadaye, studioni. Mara nyingi Steele alisemewa na mtu mwingine. Mwigizaji aliyenyang'anywa sauti hubakiwa na nini? Shingo, vidole, mwendo, na macho ambayo, kama wasemavyo wahenga, hayana pazia. Mwanafunzi wa kutisha hupiga kelele mapema akamaliza akiba yake. Fundi hungoja. Hukuacha umtazame mpaka utambue kwamba ni yeye anayekutazama.

Mwongozaji Federico Fellini alimpa nafasi katika filamu yake 8½ mwaka 1963, lakini watengenezaji wa filamu za kutisha hawakuacha kumwita, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba amechoka kutokea majenezani. Miaka ya sabini alionekana katika kazi za vijana waliokuwa wakichipukia: Caged Heat ya Jonathan Demme, Shivers ya David Cronenberg, Piranha ya Joe Dante. Kisha akahamia nyuma ya kamera. Akawa miongoni mwa watayarishaji wa War and Remembrance, tamthilia ndefu ya televisheni kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, iliyompatia tuzo ya Emmy mwaka 1989. Wengine wangetosheka hapo. Yeye alirudi mbele ya taa mwaka 1991, katika mfululizo wa Dark Shadows.

Lakini marejeo ninayoyapenda kuliko yote ni ya 2014, katika Lost River ya Ryan Gosling, iliyopigwa Detroit. Steele, akiwa na miaka zaidi ya 70, ni bibi mjane aliyeacha kusema tangu mumewe afariki. Hana mazungumzo ya kukariri. Sauti ambayo zamani wengine walimwazima, safari hii hakuna anayeihitaji. Kazi yake ni kukaa kitini na kuitazama filamu ya harusi yake, tena na tena.

Anaitazama, nasi tunamtazama yeye. Chumba ni kimya. Macho ni yaleyale.